Nani Anafanya Nini? Somo kwa Vijana Wanaojifunza Kutengeneza Tovuti

Tuanze na kisa cha kikundi kimoja cha wafugaji wa nyuki tunachokijua vizuri. Kikundi hicho kilikuwa na tovuti. Ilitengenezwa na vijana watatu waliokuwa wamemaliza masomo ya kompyuta, na kwa kweli ilipendeza. Picha za mizinga, bei ya asali kwa kilo, nambari ya simu ya mama mweka hazina, yote yalikuwepo. Wateja wa Nairobi walikuwa wameanza kuagiza. Mwaka wa pili ulipoanza, asubuhi moja tovuti haikufunguka. Walipouliza wakaambiwa kwamba jina la tovuti halikulipiwa ada ya mwaka.

Nani alipaswa kulipa? Mwenyekiti alidhani ni vijana. Vijana wawili walidhani ni mwenzao wa tatu, kwa sababu ndiye aliyeandikisha jina hilo, tena kwa barua pepe yake mwenyewe. Yule wa tatu alikuwa amepata kazi Mombasa na kubadilisha nambari ya simu. Barua za kumkumbusha kulipa zilikuwa zikiingia kwenye sanduku la barua pepe ambalo hakuna mtu aliyelifungua tangu aondoke.

Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyekosa ujuzi wa kompyuta. Lakini kikundi kilipoteza jina lake na oda za msimu ule, na vijana wale hawasalimiani tena na wazee vile walivyosalimiana zamani. Nasi tulikuwepo siku walipotambulishwa kwa kikundi. Tulipiga makofi, tukanywa chai, na hatukuuliza swali hata moja. Kwa hivyo somo la leo tunajifundisha sisi wenyewe pia.

Hata mwanzoni haikuwa kazi ya mtu mmoja

Watu wakizungumza juu ya mwanzo wa wavuti hutaja jina moja tu, Tim Berners-Lee. Ni kweli yeye ndiye aliyeandika pendekezo la kwanza mwezi wa Machi 1989, akiwa mfanyakazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Lakini pendekezo peke yake halikufika mbali. Mwaka wa 1990 Mbelgiji aliyeitwa Robert Cailliau aliungana naye, wakaliandika upya, na huyo Cailliau akawa mtu wa kuzunguka ofisini akiomba pesa, mashine, nafasi ya kufanyia kazi na wanafunzi wa kusaidia.

Tena kulikuwa na shida nyingine. Programu ya Berners-Lee ilifanya kazi kwenye kompyuta za aina moja tu, zilizoitwa NeXT, nazo zilikuwa chache. Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, akaandika kivinjari kidogo cha maandishi matupu kilichoweza kufanya kazi karibu kwenye kompyuta yoyote. Halafu Bernd Pollermann akasaidia kukiweka kitabu cha simu cha CERN kwenye wavuti. Hapo ndipo wafanyakazi wa kawaida walipoona faida, maana nambari ya simu ya mwenzako unaihitaji kila siku.

Hebu hesabu: mmoja alikuwa na wazo, mwingine akatafuta pesa na watu, wa tatu akaangalia mashine ambazo wasomaji wanazo kweli, na wa nne akaleta habari ambayo watu waliitaka. Kijana anayejifunza kazi hii leo akidhani atakuwa wote wanne kila siku ya maisha yake, atachoka mapema.

Kazi hizi zina majina

Leo kazi hizo zimepewa majina, nawe utayakuta kwenye matangazo ya kazi. Kuna mbunifu, anayeamua ukurasa utaonekanaje na mtu atabonyeza wapi. Kuna mtengenezaji wa kurasa, anayeigeuza michoro ya mbunifu kuwa HTML, CSS na JavaScript. Kuna mtaalamu wa seva, anayeshughulikia hifadhidata, malipo na usalama, yaani mambo ambayo msomaji hayaoni. Kuna mwandishi wa maandishi. Kuna mpimaji, ambaye kazi yake ni kuyaona makosa kabla mteja hajayaona. Na kwa hapa kwetu, mpimaji ambaye hajaijaribu tovuti kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka na bando linalokaribia kuisha, bado hajapima kitu. Halafu kuna meneja wa mradi.

Huyu meneja hufanya nini hasa? Vijana wengi hudhani ni bosi anayepita akiuliza, "Mmefika wapi?" Sivyo. Mfikirie katibu mzuri wa kamati ya harusi. Hapiki, haimbi, wala haendeshi gari la bibi harusi. Lakini ndiye anayejua kwamba mahema yamelipiwa nusu, kwamba wapishi wanahitaji kuni kabla ya Ijumaa jioni, na kwamba mjomba aliyeahidi gari hajashika simu tangu Jumanne. Asipokuwepo, kila mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri na harusi bado ikaharibika. Meneja wa mradi wa tovuti ni mtu wa namna hiyo. Anajua kazi gani inasubiri kazi gani, nani amekwama, pesa kiasi gani zimebaki, na anamwambia mteja habari mbaya mapema ingali habari ndogo.

Mwingine anayesahauliwa ni mwenye tovuti mwenyewe. Tunasikia vijana wakisema, "Kikundi kimekubali." Kikundi hakiwezi kukubali rangi ya kichwa cha ukurasa. Ukiwapelekea watu saba, watarudi na rangi saba, na wa nane ambaye hakuja mkutanoni atarudi na yake wiki ijayo. Ni lazima wachague mtu mmoja wa kusema ndiyo au hapana kwa niaba yao. Hata ile njia ya kazi inayoitwa Skrum, iliyoelezwa na Jeff Sutherland na Ken Schwaber huko Marekani mwaka wa 1995 na inayotumika sana katika kazi za programu, inasema wazi katika mwongozo wake kwamba mwenye bidhaa awe mtu mmoja, si kamati.

Najua mtaniambia (samahani, mtatuambia!) kwamba nyinyi ni wawili tu na kompyuta moja. Si neno. Mtu mmoja anaweza kushika kazi tatu. Hatari iko kwenye ile kazi ya nne ambayo haina mtu, kama vile kulipia jina la tovuti kila mwaka. Andikeni majina ya kazi zote kwenye karatasi, na mbele ya kila kazi jina la mtu. Jina moja hata likitokea mara nne, sawa. Pakibaki nafasi tupu hata moja, msianze.

Kupanga siku

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme chuo cha ufundi kinataka tovuti ya kurasa sita. Makubaliano yatachukua siku 2. Kuandika maandishi ya kozi, karo na historia ya chuo siku 10. Kupiga na kuchagua picha siku 4. Kuchora mwonekano siku 5. Kutengeneza kurasa siku 8. Kujaribu na kurekebisha siku 3. Ukifanya yote peke yako, moja baada ya nyingine, ni siku 32.

Lakini baada ya makubaliano, maandishi, picha na michoro vinaweza kwenda pamoja ikiwa kuna watu tofauti. Kutengeneza kurasa ndiko kunakosubiri vyote vitatu. Kwa hivyo hesabu inakuwa 2, kisha 10 (kwa sababu maandishi ndiyo marefu zaidi kati ya yale matatu), kisha 8, kisha 3. Jumla siku 23.

Mwalimu wa chuo anakuja na kusema, "Tunataka iwe tayari mapema, tuwape mbunifu wa pili." Mnafurahi. Lakini angalieni: michoro ikichukua siku 3 badala ya 5, tovuti bado itachukua siku 23, kwa sababu wote wanasubiri maandishi. Mngemwomba mwalimu huyo atoe mtu wa pili wa kuandika, na maandishi yakamalizika kwa siku 6, jumla ingeshuka hadi siku 19. Mfululizo huo wa kazi zisizoweza kusubiri ndio unaoamua tarehe ya mwisho. Hesabu za namna hii zilianza kutumika miaka ya 1950 katika kampuni ya DuPont ya Marekani, kwa ajili ya ujenzi na ukarabati wa viwanda vya kemikali. Hazihitaji programu ya bei. Karatasi ya mraba kutoka daftari la hisabati inatosha: kila kazi mstari wake, kila siku mraba wake.

Na mtaona jambo lile lile mara nyingi: maandishi ndiyo yanayochelewesha. Kompyuta haina makosa hapo. Mwalimu mkuu aliahidi kuandika ukurasa wa historia, kisha mitihani ikaingia, kisha likizo. Mtengenezaji anajaza maneno ya uongo kwa muda, na saa zingine maneno hayo ya uongo ndiyo yanayofunguliwa kwa umma. Ushauri wetu ni huu: msingoje mteja aandike. Nendeni na daftari, muulizeni maswali kwa nusu saa, mwandike nyinyi, yeye asahihishe. Mtu aliyeshindwa kuandika ukurasa mmoja kwa miezi miwili atausahihisha kwa dakika kumi, tena kwa furaha.

Karatasi moja kabla ya kazi

Kabla ya kubonyeza chochote, kuwe na karatasi iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Iseme tovuti itakuwa na kurasa ngapi, na iseme pia kile ambacho hakitafanywa. Hilo la pili vijana huona haya kuliandika. Usipoandika kwamba malipo ya M-Pesa kupitia tovuti hayamo, utaambiwa wiki ya mwisho, "Ongeza tu hapo kidogo." Kidogo hicho ni kazi ya siku nyingi. Kataa kwa upole: "Tunaweza, mzee, lakini itaongeza siku kadhaa na gharama kadhaa. Tuandike?" Mara nyingi akisikia hivyo, jambo lenyewe halikuwa la haraka.

Karatasi hiyo iseme malipo yatakuja lini. Sehemu ya tatu mwanzoni, sehemu ya tatu michoro ikikubaliwa, na iliyobaki siku ya kukabidhi ni mpango mzuri kwa pande zote. Iseme pia jina la tovuti ni la nani. Hapa Kenya majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC na huandikishwa kupitia mawakala wake. Andikisheni jina kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya kikundi ambayo katibu na mweka hazina wanaweza kuifungua wote wawili, na tarehe ya kulipa iingie katika kitabu cha katibu pamoja na kodi ya ofisi. Maneno ya siri yakabidhiwe ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kama tovuti itakusanya majina na nambari za simu za watu, kumbukeni kwamba tangu mwaka wa 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mtu ana haki ya kuambiwa kwa nini habari zake zinachukuliwa na zitatumiwaje. Hiyo nayo iwe na mtu wake kwenye orodha ya kazi.

Matajiri nao huanguka

Msidhani mambo haya ni ya vikundi vidogo tu. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wachague na kununua bima ya afya. Makampuni zaidi ya 30 yalikuwa na mikataba katika kazi hiyo. Pesa hazikukosekana, wala wataalamu. Mamilioni ya watu wakaja, tovuti ikakwama, na siku ya kwanza waliofaulu kufika mwisho walikuwa watu sita. Sita, si elfu sita.

Mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya huko alipoandika ripoti yake mwaka wa 2016, jambo alilolikazia sana ni kukosekana kwa uongozi ulio wazi. Maamuzi yalichelewa, watu hawakujua kazi ipi ni ya nani, na dalili za hatari zilionekana bila mtu wa kusimamisha mambo. Ukiiondoa ile hesabu kubwa ya pesa, ni kisa cha wafugaji wetu wa nyuki.

Walivyojiokoa kuna mafunzo. Rais Obama alimteua Jeff Zients kuongoza marekebisho, na kikundi kidogo cha mafundi kikaletwa, akiwemo Mikey Dickerson aliyetoka Google. Walianza kukutana kila siku asubuhi na jioni. Dickerson aliweka kanuni chache ukutani. Mkutano ni wa kutatua shida, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Anayezungumza ni yule anayelijua jambo zaidi, hata kama cheo chake ni kidogo. Na wazungumzie yale yatakayowaumiza leo au kesho, mengine yangoje. Kufikia Aprili 2014 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamechagua bima kupitia tovuti hiyo hiyo iliyoshindwa.

Kanuni ile ya pili itatupa shida sisi, tuseme ukweli. Katika mikutano yetu mwenyekiti huzungumza kwanza, kisha wazee, na binti aliyeitengeneza tovuti anapewa dakika mbili za mwisho watu wakitafuta kofia zao. Tunajua kikundi ambacho binti kama huyo alikuwa ameona kosa la bei wiki tatu mapema. Hakuulizwa.

Kuna pia jambo la kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa ya OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha 1975, The Mythical Man-Month, kwamba kazi ya programu iliyochelewa ukiiongezea watu itachelewa zaidi. Wapya wanahitaji kufundishwa, na wanaowafundisha ni wale wale waliokuwa wakifanya kazi. Tena maongezi yanaongezeka. Watu 3 wana jozi 3 za kuelewana, watu 6 wana jozi 15, watu 10 wana jozi 45. Kijana akikuletea binamu zake watano wiki ya mwisho eti wasaidie, mshukuru, kisha uwape kazi ya kuijaribu tovuti kwenye simu zao.

Kujifunza kazi hii

Kuna vyeti. Taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1969, inatoa cheti cha wanaoanza kiitwacho CAPM. Anayekitaka awe amemaliza shule ya sekondari na amepata mafunzo ya saa 23 ya kusimamia miradi, kisha afanye mtihani. Cheti kikubwa zaidi, PMP, kinadai miaka kadhaa ya kuongoza miradi. Hivi hulipiwa kwa dola, kwa hivyo hatuwezi kumwambia kijana auze mbuzi wake kwanza. Aanze na daftari.

Katika kazi yako ijayo, hata ikiwa ni kurasa tatu za duka la jirani, jitolee kuwa katibu wa mradi. Gawa ukuta au ubao safu tatu: Bado, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi iandikwe kwenye kikaratasi chenye jina la mtu, nacho kihamishwe kazi inaposonga. Kila asubuhi simameni pale kwa dakika 15, si zaidi, kila mmoja aseme amefanya nini, atafanya nini, na amekwamia wapi. Andika tarehe uliyotarajia na tarehe kazi ilipokwisha kweli. Baada ya miradi mitatu utajua kwamba ukisema siku 5 huwa ni siku 8, na utaanza kusema 8 tangu mwanzo. Daftari hilo ulichukue unapokwenda kuomba kazi. Mwajiri anaona tovuti nyingi nzuri, lakini ni wachache wanaoweza kumwonyesha jinsi walivyoimaliza na kile kilichoharibika njiani.

Wale vijana wawili wa tovuti ya asali wamekubali kuja kuzungumza na darasa letu. Yule wa tatu naye amepatikana, na amesema yuko tayari kulipia jina jipya kwa jina la kikundi. Wazee bado wanafikiria.

Zoezi la kikundi

1. Chagueni tovuti moja mnayotaka kutengeneza. Andikeni kazi zote, pamoja na zile zitakazobaki baada ya kufunguliwa, na mbele ya kila moja jina la mtu. Ni kazi gani imebaki bila jina?

2. Chukueni mfano wa chuo cha ufundi. Ikiwa picha zitachukua siku 12 badala ya 4, na maandishi yabaki siku 10, tovuti itachukua siku ngapi? Mtu wa ziada mtampa kazi gani?

3. Mwenyekiti anataka kuongeza ukurasa wa picha za ziara yake wiki moja kabla ya kufungua. Mmoja awe mwenyekiti, mwingine meneja wa mradi. Zungumzeni mbele ya wenzenu kwa dakika tano, kisha mbadilishane.

4. Je, tovuti ya kikundi chenu, kama mnayo, imeandikishwa kwa barua pepe ya nani? Nendeni mkaangalie leo.